Umeacha Wanga, Usingizi Nao Umekuacha: Mwongozo wa Wiki Nne za Kwanza

Siku ya nne bila ugali, wali wala chapati, suruali imeanza kulegea kiunoni, na mwenye suruali yuko macho saa tisa usiku anahesabu mabati. Moyo unakwenda mbio ingawa amelala chali. Mchana wake alisinzia kwenye kiti, kichwa kinagonga, na kila akisimama ghafla anaona kizunguzungu. Akiuliza kwenye kundi la WhatsApp anaambiwa avumilie, sumu zinatoka mwilini.

Hakuna sumu inayotoka. Kinachotoka ni maji na chumvi, na sehemu kubwa ya dawa yake iko jikoni.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyeamua kupunguza wanga kwa nguvu, yaani chini ya gramu 50 hivi kwa siku, awe anatafuta kupungua uzito au kushusha sukari. Sipigii debe mlo huu wala siupingi. Ninachosema ni kwamba usingizi unaopotea wiki za mwanzo mara nyingi hupotezwa na mambo matatu yanayokuja pamoja na kuacha wanga: chumvi iliyopungua, chakula kilichopungua, na kahawa iliyoongezeka. Yarekebishe kwa mpangilio huo kabla hujalaumu mlo wenyewe, na kabla hujanunua kidonge chochote.

Kwanza, wasiopaswa kuanza peke yao

Mlo huu si wa juzi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na hadi leo wanaoutumia kwa ugonjwa huo husimamiwa na wataalamu. Wengi wetu tunasimamiwa na meseji za kundi. Kwa hiyo soma sehemu hii hata kama una haraka.

Kama unachoma insulini au unameza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), usiache wanga kabla daktari hajapanga upya dozi yako. Dozi iliyokuwa inatosha kwa sahani ya ugali inakuwa kubwa mno kwa sahani ya mchicha na mayai, na sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini. Dalili zake hufanana sana na "kukosa usingizi": unaamka umelowa jasho, unatetemeka, umeota mambo ya ajabu, akili haijatulia. Pima hapohapo. Ikiwa ni chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Huna kipimo na dalili ni hizo? Kunywa sukari hiyohiyo. Usiku huo hakuna habari ya kuacha wanga.

Wanaotumia empagliflozini au dapagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, wana hatari nyingine: damu kujaa tindikali ya ketoni (kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta) hata kipimo cha sukari kikionyesha namba ya kawaida. Dawa hizo na mlo huu visikutane bila daktari kujua. Wenye dawa za presha nao wawe na kipimo nyumbani, maana presha inaweza kushuka ndani ya siku chache, hasa kwa anayetumia dawa ya kukojoza. Usijikatie dawa mwenyewe. Andika namba zako umpelekee anayekutibu.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye kisukari aina ya kwanza, wagonjwa wa figo au moyo, watu wembamba, na aliyewahi kuugua tatizo la kujinyima chakula au kula na kujitapisha: mlo huu usiwe wa kujaribu nyumbani.

Kinachotokea mwilini

Ini na misuli huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, takriban gramu 100 kwenye ini na 400 kwenye misuli kwa mtu mzima. Kila gramu moja hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga akiba hiyo inatumika, na maji yake yanatoka kwa njia ya mkojo. Ndiyo maana mizani hushuka kilo moja mpaka tatu wiki ya kwanza na watu wakapiga picha. Mafuta bado yapo pale pale.

Wakati huohuo homoni ya insulini inashuka. Insulini ndiyo huziambia figo zibakize sodiamu. Ikishuka, figo zinaiachia chumvi iende na maji. Damu inapungua ujazo, presha inateremka ukisimama, na moyo unaongeza mapigo ili kufidia. Mapigo hayo mchana huyasikii kwa sababu ya pilikapilika. Usiku, nyumba imetulia, unayasikia yote.

Na ubongo? Kwa kawaida hutumia takriban gramu 120 za glukosi, yaani sukari ya damu, kwa siku. Wanga ukikosekana, ini huanza kutengeneza ketoni za kutosha kuulisha baada ya siku mbili hadi nne, na hapo katikati ndipo uchovu unapokuwa mkali. Mwili hukamata usukani kwa homoni za kupandisha sukari, zikiwamo adrenalini na kotisoli, ambazo kazi yake nyingine ni kumweka mtu macho. Hivyo unaweza kuwa hoi mchana na mkavu wa macho usiku, vyote kwa chanzo kimoja.

Liko pia jambo la chakula cha jioni chenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha wanaume 12 wenye afya wali muda wa saa nne kabla ya kulala. Waliokula mchele unaogeuka sukari haraka walisinzia baada ya dakika 9 kwa wastani. Walipokula mchele unaoyeyuka polepole, dakika 17.5. Aliyezoea kulazwa na sahani ya wali miaka yote, basi, asishangae kitanda kikiwa kigeni kwake wiki ya kwanza.

Hatua ya 1: Rudisha chumvi

Mkate, chapati na chipsi vina chumvi ndani yake. Ukiviacha, umeacha na chumvi yake, tena wiki ileile ambayo figo zinaimwaga. Halafu mboga uliyokuwa unaipika na chumvi ya kutosha kusindikiza bonge la ugali, sasa unaila kidogo na bila bonge.

Kwa mtu asiye na presha, ugonjwa wa figo wala wa moyo, dawa rahisi ni supu. Chemsha mifupa au kongoro kwa moto mdogo saa mbili tatu, tia tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, chumvi iwe ile ya kawaida unayoisikia ulimini. Kunywa kikombe asubuhi na kingine saa kumi na moja jioni. Katika siku nzima hapo umeongeza kama nusu kijiko cha chai cha chumvi, ambacho kina miligramu 1,150 hivi za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi yote ya siku iwe chini ya gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja hivi, kwa hiyo nyongeza hii ni ya wiki mbili za mpito. Usiifanye desturi ya maisha. Mwenye presha asiongeze bila kuongea na anayemtibu.

Utajuaje kama tatizo ni chumvi? Kichwa kinapogonga au unapopepesuka ukisimama, kunywa kikombe cha supu ukae. Ikiwa ndani ya saa moja umepata nafuu, umeshajijibu.

Misuli ya shavu la mguu kukaza usiku ni jirani wa tatizo hilohilo, ila hapa potasiamu na magnesiamu nazo zinahusika. Parachichi lina potasiamu karibu miligramu 485 kwa kila gramu 100. Mchicha unayo nyingi pia, lakini ukiuchemsha na kumwaga maji, unaimwaga nayo. Upike kwa maji kidogo yaishie humo humo, au uunge kwa tui. Kwa magnesiamu, kiganja kimoja cha mbegu za maboga, kama gramu 30, kinakupa miligramu 150 au zaidi, wakati mtu mzima anahitaji 310 hadi 420 kwa siku. Zile za vipakiti kwenye foleni za magari zinafaa kabisa. Vidonge vya potasiamu na chumvi mbadala usiviguse kama una matatizo ya figo au unatumia dawa za presha au moyo kama losatani, lisinoprili au spironolaktoni.

Hatua ya 2: Jaza sahani

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na hapa nitakaa.

Chukua mlo mmoja wa kawaida. Ugali uliopikwa kwa gramu 200 za sembe una wanga wa gramu 150 hivi na kalori kama 720. Mtu anauondoa, anabaki na mchicha, kipande cha samaki na kachumbari. Anajisifu kwa nidhamu. Lakini ameondoa kalori 720 na hakuweka kitu mahali pake. Akifanya hivyo mchana na usiku, amekata zaidi ya 1,400 kwa siku moja. Hiyo haiitwi kuacha wanga, inaitwa kushinda na njaa. Na mwenye njaa halali, hata babu zetu walilijua hilo bila maabara.

Jaza hivi: mayai mawili (kalori 140 au zaidi kidogo), nusu parachichi kubwa (160 hivi), kijiko kikubwa cha samli au mafuta ya nazi kwenye mboga (120 hivi). Jumla imefika 420 na ushee. Bado uko chini ya ugali, ndiyo maana utapungua, lakini si chini kiasi cha kuuamsha mwili usiku kutafuta chakula.

Wengine wanaogopa mafuta na wanga kwa pamoja. Wanakula kifua cha kuku kilichochemshwa na matango. Ukishaondoa wanga, nishati nyingi itabidi itoke kwenye mafuta. Kama mafuta yanakutia hofu kwa sababu za kiafya ulizoambiwa hospitali, basi mlo huu si wako. Punguza kiasi cha ugali uwe wa ngumi moja, ongeza mboga, na maisha yaendelee.

Wiki ya kwanza usipunguze idadi ya milo. Kuna mtindo wa kuanza kuacha wanga na kufunga saa 16 siku moja. Chagua kimoja. Kufunga kutakuja chenyewe wiki ya tatu au ya nne, njaa ikishatulia. Kwa anayefunga Ramadhani, aanze mlo huu wiki tatu nne kabla au asubiri Shawwal, kwa kuwa usingizi wa mwezi huo tayari umekatwa vipande na daku.

Hatua ya 3: Kahawa na chai

Uji umeondoka, maandazi yameondoka, kilichobaki mezani ni kikombe. Kahawa chungu ya kuzuia njaa, chai ya rangi bila sukari ya kuzuia uchovu, na ikifika saa kumi jioni mtu amekunywa mara mbili ya mazoea yake bila kujua.

Nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya takriban saa tano. Kikombe cha saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado inafanya kazi. Weka mpaka: baada ya saa sita mchana hakuna kahawa, baada ya saa nane hakuna chai ya majani. Jioni kunywa tangawizi, mchaichai, au ile supu. Usikate kahawa yote kwa mkupuo wiki ileile, la sivyo maumivu ya kichwa ya kuacha kafeini yatajumlishwa na ya chumvi na hutajua lipi ni lipi.

Hatua ya 4: Panga jioni yako

Chakula cha usiku kiishe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Kwa mlo huu ni muhimu zaidi, kwa sababu protini ni chakula kinachopasha mwili joto: katika nishati yake, asilimia 20 hadi 30 hutumika kukimeng'enya, wakati kwa wanga ni 5 hadi 10. Mwili unahitaji kupoa kidogo ili usinzie. Nusu kilo ya nyama choma saa nne usiku, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, umeme umekatika na feni imesimama. Hapo usiulaumu mlo. Nyama nyingi ile mchana, usiku samaki, mayai au dagaa wenye tui.

Maji: achana na lita nne za kulazimisha. Siku za mwanzo figo zinakojoa zaidi zenyewe, na kunywa kupita kiu huku chumvi ikiwa chini kunaizimua zaidi. Kunywa kwa kiu, mengi yaishe saa kumi na mbili jioni, na utapunguza safari za chooni.

Pombe itakupanda haraka kuliko ulivyozoea, na inakulaza mapema kisha inakuamsha usiku wa manane. Piritoni nayo, ambayo nyumba nyingi huimeza kama dawa ya usingizi, ni dawa ya mzio. Asubuhi inakuachia kichwa kizito juu ya uchovu ulio nao. Iache.

Hatua ya 5: Punguza kazi kwa muda

Ratiba ya uchovu kwa wengi huwa hivi: siku mbili za kwanza ni njaa na hamu tu, siku ya tatu hadi ya tano ndizo mbaya, kuelekea siku ya kumi kichwa kinafunguka. Nguvu za mazoezi huchelewa zaidi, wiki mbili hadi nne, kwa sababu misuli inajifunza kutumia mafuta. Kwa hiyo anayekimbia atembee, anayenyanyua vyuma apunguze uzito, na mazoezi yawe asubuhi au alasiri, si saa tatu usiku.

Dereva wa lori, wa basi la usiku, bodaboda, au fundi wa juu ya kenchi: anza ukiwa likizo au siku za mapumziko. Kusinzia kwa siku ya nne hakuombi ruhusa. Kama huna mapumziko, shuka kwa ngazi: wiki ya kwanza ondoa sukari, soda na vitafunwa, ya pili ondoa wanga wa usiku, ya tatu wa mchana. Ni njia ndefu kidogo, na kwa watu wengi ninaona ndiyo bora hata kama hawaendeshi chochote.

Hatua ya 6: Ukiamka saa tisa usiku

Usishike simu. Jiulize mambo mawili tu, baada ya mwenye kisukari kupima sukari. Je, moyo unakwenda mbio na mdomo umekauka? Bakiza supu kwenye chupa ya chai karibu na kitanda, unywe nusu kikombe. Je, tumbo linanguruma? Kula yai la kuchemsha au karanga kiganja kimoja, na kesho ongeza mafuta kwenye chakula cha jioni. Kama si hili wala lile, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu mpaka usingizi urudi. Kujigeuzageuza kitandani kunakifundisha kichwa kwamba kitanda ni mahali pa kukesha.

Asubuhi andika mstari mmoja daftarini: saa ya mlo wa mwisho, kikombe cha mwisho cha kahawa au chai, supu umekunywa au la, umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi. Baada ya wiki utaona mwenyewe usiku mbaya unafuata nini.

Hatua ya 7: Wiki nne zimepita na bado hulali

Rudisha wanga kidogo, tena usiku. Kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi kina gramu 20 hadi 26 za wanga, ndizi mbivu ndogo kama 20, nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kama 20 na nyuzinyuzi juu yake. Kula kimoja pamoja na mlo wa jioni kwa siku saba, daftari likiendelea. Mwenye kisukari apime kabla na saa mbili baada ya kula.

Utaambiwa "umeshatoka kwenye ketosisi", yaani hali ya mwili kutumia ketoni. Huenda ni kweli. Lakini bado uko mbali na gramu 300 ulizokuwa unakula kwenye sahani mbili za ugali peke yake, na anayelala saa saba humudu njaa na hamu za kesho yake kuliko aliyekesha. Ikiwa kiazi kimerudisha usingizi, kibakize. Ikiwa hakikubadilisha kitu, chanzo kiko kwingine: msongo, homoni za tezi, upungufu wa damu, kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Hayo hupimwa hospitali, na daftari lako ni la kwenda nalo.

Usisubiri wiki nne kama umezimia, mapigo ya moyo yanarukaruka au hayatulii ukiwa umepumzika, unatapika mfululizo, unapumua kwa haraka na kwa kina, kifua kinabana, au umechanganyikiwa. Nenda siku hiyohiyo, useme wazi unakula nini na unatumia dawa gani. Vivyo hivyo ukijiona umepata nguvu za ajabu, unalala saa mbili tatu kwa siku kadhaa na huchoki, maneno yanakutoka mbio, fedha unazitumia hovyo. Ndugu zako wakikwambia umebadilika, wasikilize, mwende pamoja.